Mödlareuth: kijiji kilichokatwa na ukuta

Swali: Habari zenu wadau. Nitakuwa Hof, mji wa Ujerumani, wikendi. Mödlareuth kuna nini cha kuona, na ule ukuta ulitokana na nini?

Jibu 1: Karibu sana. Mpaka unaokata kijiji ni kijito cha Tannbach, tangu 1810: ufalme wa Bavaria huku (baadaye Ujerumani Magharibi), himaya ndogo ya Reuss kule (baadaye Thuringia, Ujerumani Mashariki). Watu waliendelea kuishi pamoja hadi 1949, Ujerumani ilipokuwa nchi mbili. Mwaka 1952 Ujerumani Mashariki wakajenga uzio wa mbao, kisha 1966 ukuta wa zege wa mita 700, kimo mita 3.3. Wa mashariki walikatazwa hata kuwapungia mkono jamaa zao ng'ambo! Wamarekani wakakiita kijiji hicho Berlin Ndogo, maana Berlin nayo iligawanywa na ukuta.

Jibu 2: Kivuko cha miguu kilifunguliwa 9 Desemba 1989, ukuta ukaanza kubomolewa 17 Juni 1990. Kipande kimeachwa kwenye makumbusho, pamoja na mnara wa walinzi. Usikose kijito chenyewe. Unakivuka kwa hatua moja.

Jibu 3: Kwa gari, shika barabara kuu ya A72, toka kwenye njia ya kutokea ya Hof/Töpen. Kwenye ramani andika msimbo wa posta 95183 Töpen, upande wa Bavaria. 07926 ni Gefell, upande wa Thuringia. Mabasi ni machache, hakikisha la kurudi kabla hujaondoka Hof.