Mfarishi wa viraka wa kushonea safarini: bandi, karatasi au kawandi?

MamaSalma: Habari zenu wapendwa. Nina mfuko mzima wa mabaki ya vitenge na kanga, nataka kuyafanya mfarishi wa kitanda kwa mkono mtupu. Muda wangu mwingi unaishia kwenye basi na foleni ya kliniki, kwa hiyo nataka kazi inayoingia kwenye pochi. Haraka sina. Njia ipi inabebeka zaidi?

FundiTanga: Bandi ya kawaida, dada, yaani sindano inaingia na kutoka kwa mstari mmoja. Chora mstari kwa penseli upande wa ndani, milimita 6 kutoka ukingoni. Laza vipande viwili uso kwa uso, choma pini, fuata mstari. Mwanzo na mwisho rudisha sindano nyuma mara moja ili uzi usifumuke. Na hapa wengi huharibu: simama pale mistari inapokutana, usishone mpaka ukingoni. Ukifanya hivyo pembe zinalala vizuri, na mshono unaulaza upande unaoutaka. Mzigo wako ni viraka vichache, uzi na mkasi mdogo.

BiZuhura: Mwanangu, gari likirukaruka kwenye mashimo mstari wa penseli haufuatiki. Tumia karatasi. Kata pembesita za karatasi ngumu, zote sawasawa, kunja kitambaa juu yake na upige bandi. Kisha unganisha kingo kwa vijishono vidogo vya kuzungusha. Umbo linashikwa na karatasi, hata mkono ukitikisika. Kipande kikishazungukwa pande zote, toa karatasi uitumie tena. Ni kweli kila kiraka unakishona mara mbili, lakini umesema huna haraka.

Neema_Dodoma: Naomba tusiipite kawandi. Ni mfarishi wa Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, na mimi naupenda kuliko yote. Wanaanzia pembeni, wanazunguka wakielekea katikati, wakiongeza viraka njiani. Bandi inapita matabaka yote kwa pamoja, kwa hiyo ukifika katikati kazi imekwisha, hakuna kutia bitana baadaye. Kwenye pembe wanashonea vitambaa vidogo vilivyokunjwa, huitwa phula, yaani maua. Ila kwa basi hapana: toka siku ya kwanza unabeba nguo nzima mapajani.

MamaSalma: Asanteni sana. Nitaanza na karatasi ya Bi Zuhura kwa safari, kawandi nitaifanya nyumbani. Kanga nyekundu nazo? Naogopa zitachuja rangi.

FundiTanga: Fua kila kitu kabla ya kukata, kitenge kipya pia, ugumu utoke na kitambaa kirudi, yaani kisinyae, kabisa. Nyekundu ikiwa bado imelowa, ikandamize na kitambaa cheupe. Kikipata doa, fua tena. Ikiendelea kuchuja, usiichanganye na nyeupe.

BiZuhura: Na sindano chukua nyembamba, fupi. Ile nene ya kushonea magunia inaacha matundu kwenye kanga.