Mwanangu karudishwa nyumbani kwa sababu ya sketi niliyoshona mwenyewe. Haki yangu ni ipi?

Mama Cherehani

Wakuu, habari za jioni. Nina binti kidato cha tatu, shule ya sekondari ya serikali, ya kutwa, huku Nyanda za Juu Kusini. Shule siitaji jina, mtoto bado yupo pale na mji wenyewe mdogo, ukikohoa sokoni wanakusikia stendi.

Mimi ni fundi cherehani. Sare za shule ndizo zinazonilisha kuanzia Desemba mpaka Februari. Shule ilipofungua, sketi ya mwaka jana ilikuwa imembana, nikamshonea nyingine. Kijani ileile, marinda manne mbele manne nyuma, zipu pembeni, pindo nimeliacha nene ili nilishushe akirefuka. Kitambaa nimekata kwenye jora lilelile anapokatia fundi wa shule, mwenye duka ni shahidi. Imenigharimu 9,000 na uzi wake. Shuleni wanaiuza 22,000.

Jumatatu saa mbili na nusu mtoto huyo mlangoni. "Mama, wamesema hii si sketi ya shule." Nikaipindua nje ndani nione nimekosea wapi. Sikukosea. Fundi wao anashonea kitambaa kidogo cheupe kiunoni chenye herufi za shule, ya kwangu haina. Basi. Hicho ndicho cha 13,000.

Nikamvalisha ile ya zamani akarudi. Sasa wiki mbili baadaye likaja la michango. Kuna chakula 60,000 kwa muhula, masomo ya ziada 15,000, mlinzi na umeme 10,000, na rimu moja ya karatasi. Nililipa chakula nusu na rimu nikapeleka. Stakabadhi hakuna, mwalimu anaandika kwenye kaunta buku lake na wewe unaondoka na imani yako. Asubuhi moja paredi wakatajwa wadaiwa, wakasimamishwa mstari wao peke yao, mwalimu wa zamu (mwanaume) akawachapa wote, wasichana kwa wavulana, viboko sita sita, kisha wakaambiwa wakawafuate wazazi.

Alama nimeziona mapajani, nimepiga na picha. Hazijafika kumlaza, lakini ni mtoto wa kike wa miaka 16, na kosa ni langu la kutokuwa na 55,000.

Maswali yangu: shule ina haki ya kumrudisha kwa sketi? Kwa mchango? Je, viboko vile vina sheria yoyote? Na la mwisho ndilo linaloninyima usingizi: nikienda kusema, si watamgeuzia kibao mtoto? Baba yake anasema nilipe tu yaishe.

---

Kibao cha Mbuzi

Mama, mhamishe private. Serikalini ni bure mpaka uanze kulipa.

---

Mama Cherehani

@Kibao cha Mbuzi ningekuwa na hela ya private ningeshindwa 55,000 ndugu yangu?

---

Mstaafu wa Chaki

Mama Cherehani, pole. Nimefundisha sekondari za serikali na nimestaafu nikiwa mkuu wa shule, kwa hiyo kaunta buku nalijua kutoka upande wa pili wa meza.

Tuanze na hela. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 (waraka ni maelekezo ya wizara kwa shule) ndio ulioondoa ada kuanzia Januari 2016, kidato cha kwanza hadi cha nne. Kabla ya hapo ada ilikuwa 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Serikali inazifidia shule hizo hela na inalipa ada ya mtihani wa kidato cha nne. Kidato cha tano na sita walifuata baadaye, kwa bajeti ya 2022/23. Halafu kuna Waraka Na. 3 wa 2016, huo ndio uutafute, maana unagawa majukumu: hili la serikali, hili la mzazi. Sare, madaftari na kalamu vimewekwa kwako. Kwenye shule ya kutwa na chakula cha mtoto ni chako pia, kwa hiyo usiende pale ukasema "elimu ni bure silipi kitu", watakumaliza kwa sentensi moja.

Ila angalia vizuri: sare ni jukumu LAKO. Shule inaweza kusema rangi, mshono na urefu. Haijapewa duka. Ukifikisha rangi na mshono umemaliza kazi yako, awe ameshona fundi wao, umeshona wewe, au umenunua mtumba. Kile kitambaa cheupe waulize kimo kwenye maelekezo ya kujiunga? Kama kimo, waombe wakuuzie hicho kipande peke yake ukishone mwenyewe. Nakuhakikishia hawatakuwa na bei yake.

Michango. Haijakatazwa moja kwa moja kama watu wanavyosema mtaani. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango na akasema anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Utaratibu unaoeleweka ni huu: wazazi wanakaa kikao, wanakubaliana, bodi ya shule inapitisha, kibali kinatoka ngazi ya juu ya shule, hela inapokelewa kwa stakabadhi. Na hata ikifuata njia hiyo yote, mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachangia. Deni ni la mtu mzima, mtu mzima ndiye anayeitwa.

Sasa viboko, na hapa nitasema bila kupindisha. Kanuni za adhabu ya viboko chini ya Sheria ya Elimu zilirekebishwa 2002. Visizidi vinne. Anachapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike, labda shule nzima isiwe na mwalimu wa kike. Na kila kiboko kinaandikwa kwenye daftari la adhabu: nani, kosa gani, vingapi, nani kachapa, na mkuu anasaini. Tena ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kudaiwa mchango si utovu wa nidhamu wa mtoto. Ongezea Sheria ya Mtoto ya 2009, inayokataa adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto. Kwa maelezo yako wamevunja karibu kila mstari kwa asubuhi moja.

Kaombe daftari la adhabu la siku hiyo. Uliza kwa upole tu, "Mwalimu, naomba kuona alichoandikiwa mwanangu." Nimekaa kwenye kile kiti. Swali hilo linatoa jasho.

---

Ticha Fizikia

Shikamoo Mstaafu. Naomba na sisi tusikike, manake kila uzi wa hivi mwalimu ndiye shetani.

Viboko sita kwa deni sikubaliani navyo hata kidogo, huyo mwenzetu kakosea. Ila hesabu ya shule mnaijua? Ruzuku ya sekondari ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake inabakizwa juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika shuleni ni 12,500. Chukua shule ya watoto 600: milioni saba na nusu kwa mwaka, yaani 625,000 kwa mwezi. Humo toa umeme, maji, chaki, karatasi za mitihani, dawa za maabara, usafiri wa mkuu kwenda halmashauri, ukarabati wa madawati. Mlinzi anayelala pale usiku haajiriwi na serikali. Kwetu hesabu ya vidato viwili inafundishwa na kijana wa kujitolea ambaye posho yake ni hiyo hiyo michango. Mkigoma, kesho anaondoka na mtoto wako anakaa mwaka mzima bila hesabu.

Na kikao cha wazazi kikiitwa wanakuja arobaini. Waliobaki wanakutana na uamuzi kwenye karatasi, halafu wanakuja huku.

---

Mama Cherehani

@Ticha Fizikia marahaba mwanangu kama ni mdogo, na kama ni mkubwa shikamoo. Umesema kweli na sikupingi. Mlinzi namjua, ananunua vitumbua kwa jirani yangu. Kikao cha mwaka jana nilikuwepo. Tuliambiwa michango, tukanyoosha mikono. Hakuna aliyeuliza asiyeweza afanyeje, na mimi nilikaa kimya. Ila kile kikao hakikupitisha viboko.

Kingine: ningeulizwa ningeshona. Mapazia ya maabara, makoti meupe, hata sketi za watoto wasio na uwezo. Siyo kwamba sitaki kuchangia.

---

Mstaafu wa Chaki

Hilo la kushona liandike kwenye barua yako, Mama, liandike kabisa. Ticha, hesabu yako ni sahihi na ndiyo iliyonizeesha. Lakini mkuu mwenye akili anaigawa orodha ya wadaiwa mara mbili: asiye nacho na asiyetaka. Wa kwanza unakaa naye, analipa kidogo kidogo au kwa kazi au anasamehewa. Wa pili unamwandikia. Katika orodha zote mbili hamna mtoto.

Sasa suala la kugeuziwa kibao. Mtoto anaonewa kirahisi pale ambapo malalamiko ni ya mdomo, mzazi kaja na hasira, kapaza sauti ofisini, kaondoka. Hakuna karatasi, wamebaki na mtoto. Malalamiko yakiwa na nakala yenye muhuri, kila atakayemgusa anajua kuna kumbukumbu mahali. Pia usiende peke yako. Ule mstari wa wadaiwa ulikuwa na watoto wangapi? Watafute wazazi watatu wanne wa pale, msaini pamoja. Hapo anayetaka kulipiza hajui aanze na nani.

Mpangilio: mkuu wa shule kwanza. Akikupuuza, mwenyekiti wa bodi ya shule. Kisha Afisa Elimu Kata, halafu Afisa Elimu Sekondari pale halmashauri. Kwa viboko unaweza kumwona na afisa ustawi wa jamii, na angekuwa ameumia ningekwambia uende moja kwa moja dawati la jinsia na watoto polisi, upewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe. Zile picha zitunze, lakini usizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni mapaja ya binti yako.

Na angalia daftari la mahudhurio. Siku walizomrudisha wao wenyewe wasije wakawa wamemwandika mtoro.

---

Kibao cha Mbuzi

Hilo la utoro limempata mdogo wangu. Karudishwa kwa mchango, mwisho wa muhula ripoti inasoma "mtoro, mzazi aitwe". Wao wamemtoa, wao wanamwita mtoro.

---

Dada Mkubwa

Naingilia kidogo, samahani Mama Cherehani. Mdogo wangu alipata mimba akiwa kidato cha pili, kajifungua mwaka jana, mtoto sasa anabaki na bibi yake. Nimempeleka shule ileile wakasema akafanye QT, ule mtihani wa wanaosoma nje ya mfumo rasmi. Inakuwaje?

---

Mstaafu wa Chaki

@Dada Mkubwa zamani wangekuwa sahihi. Novemba 2021 Ndalichako, Waziri wa Elimu wa wakati huo, alitangaza kwamba waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, warudi kwenye mfumo rasmi, ukafuata Waraka Na. 2 wa 2021. Muda ni usiozidi miaka miwili tangu aache, kwa hiyo yumo, ila msichelewe. Wakikataa, nenda kwa Afisa Elimu Sekondari. Anaweza pia kumpangia shule nyingine kama yeye mwenyewe anaona aibu kurudi palepale. Muulize binti, usimwamulie. QT ni kwa anayeitaka.

---

Mama Cherehani

Nimerudi, wakuu. Tumepatikana wazazi watano, mmoja ni dereva wa bajaji, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, ikabidi tumwachie kazi ya kubeba bahasha. Tuliingia kwa mkuu wa shule jana saa nne. Alitupokea vizuri. La viboko hakulijua, au alisema hakulijua. Nikamwomba daftari la adhabu kama Mstaafu alivyoelekeza. Akalifungua, akapekua, akalifunga. Siku ile hakuna kilichoandikwa. Akamwita mwalimu wa zamu, akaja, akasimama pale akiangalia viatu vyake. Nilimwonea huruma kidogo, ni kijana mdogo, hata ndevu hazijajaa.

Mkuu ameahidi hakuna mtoto atakayerudishwa kwa mchango muhula huu na kwamba stakabadhi zitaandikwa. Sketi ameishika mkononi, akaipindua nje ndani kama nilivyofanya mimi, akasema iko sawa, aivae. La kushona mapazia amesema atalifikisha kwenye bodi.

Lakini yote ni ya mdomo. Barua tulimwachia, hakutugongea muhuri, alisema "tumeelewana mama, haya mambo ya barua ya nini". Baba watoto anasema tuishie hapo tusimchokoze. Bajaji anataka twende halmashauri kesho asubuhi. Mstaafu, wewe ungefanyaje?

---

Mstaafu wa Chaki

Msiende halmashauri, bado. Amewapokea na amekubali makosa, mkimruka sasa mtamtia uadui bure. Ila msiishie hapo pia.

Andikeni barua ya pili, ya shukrani. "Tunashukuru kwa kikao cha tarehe fulani ambapo ulituahidi yafuatayo", kisha mtaje ahadi zote, na mtaje kwamba daftari la adhabu halikuwa na kumbukumbu ya siku ile. Ielekezeni kwa mwenyekiti wa bodi, kupitia kwa mkuu wa shule, maana mkuu ndiye katibu wa bodi na hawezi kukataa kupokea barua ya bodi. Nakala mbili. Moja anabaki nayo, nyingine anaigonga muhuri na tarehe mbele yenu.

Ibebe wewe, Mama. Bajaji asubiri nje.

---

Ticha Fizikia

Na ukipeleka, muulize siku ya kikao kijacho cha wazazi. Safari hii unyooshe mkono uulize lile la asiyeweza.

---

Mama Cherehani

Nimeuliza kabisa. Ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tatu. Barua naandika leo usiku nikimaliza sketi mbili za watu.