Mjadala: Grosari nzuri Mtwara ipimwe Mei, si Novemba

MKAA KAUNTA (Chikongola)
Wakuu, kila nikiuliza grosari nzuri, yaani baa ndogo ya mtaani, hapa mjini ni ipi, natajiwa ile inayojaa Novemba. Mimi hicho kipimo sikikubali. Novemba korosho zimeshalipwa, mtu katoka Tandahimba au Newala na hela yake ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hata ukimuuzia bia ya moto chini ya mwembe atakunywa na ataagiza nyingine. Oktoba 2024 bei ya mnada ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, kuna sehemu nakaa, bia ilipanda bei katikati ya wiki. Jana bei hii, leo bei ile, ukimuuliza mhudumu anakwambia "bosi kasema".

Grosari nendeni mkaipime Mei. Masika yanaishia, hela zimekwisha kwenye ada na kupalilia mikorosho, meza zenye watu ni mbili tatu. Kaa, agiza moja, angalia. Frija inafanya kazi au imezimwa ili kubana umeme? Wahudumu ni wale wale wa mwaka jana, au kila mwezi sura mpya? Waliokaa wanajuana?

Ninayoipenda mimi haina hata bango, jina limeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta. Nje kuna mzee wa pweza na sufuria yake, ndani kuna redio ndogo. Dada anayehudumia akifungua chupa, kizibo anakiacha mezani kwako. Mwisho wa jioni mnahesabu vizibo wote wawili, unalipa, unaondoka. Hakuna bili ya kuletewa kutoka kaunta na bia mbili usizozijua. Kwa utaratibu huo mdogo tu, mimi simhami.

Haya, leteni zenu. Na mwenye hoja kwamba grosari ni muziki, aje na hoja kweli.

MTOTO WA MAGOMENI
Bila singeli hiyo si grosari mzee wangu, hiyo ni matanga.

MWENYE FRIJA
Mkuu Mkaa Kaunta, maneno yako matamu, ila wewe unakaa upande wa kunywa. Mimi nakaa upande wa kulipa. Leseni ya vileo, kodi, pango, umeme, mlinzi, wahudumu. Hakuna hata kimoja kinachosubiri msimu. Oktoba mpaka Januari ndiyo inayonibeba mwaka mzima. Mwaka 2018 Serikali ilipozichukua korosho kwa 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa, watu walikuja wakakaa, wakaongea, wakaondoka. Nililipa mishahara kwa kuuza kreti tupu.

Na hiyo Mei unayoisifia, umesahau ya 2024? Kimbunga Hidaya kikapita, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, malori yakakwama. Mzigo uliopo hapa ndio huo huo, na mteja wako wa kila siku anataka bei ya zamani. Halafu anakunywa mbili, anakalia kiti kuanzia mechi ya saa kumi mpaka ya usiku.

DADA WA LIGULA
Wanaume mmeanza na vizibo, mmeenda kwenye kreti, mmefika Somanga. Choo hamjakigusa. Mimi kipimo changu ni kitasa cha ndani na taa. Grosari ina spika mbili za kimo cha mtu, choo mlango unafungwa kwa kushika kamba. Nani atakaa hapo na mdogo wake wa kike?

Pili, nikikaa peke yangu na soda yangu au bia yangu, nisiletewe chupa na kuambiwa "meza ile imekununulia". Kuna mhudumu mmoja namheshimu sana, chupa kama hiyo anairudisha kabla haijanifikia. Anamwambia jamaa mbele ya wenzake: dada hajaomba. Jamaa anacheka, yanaisha. Bosi wake hamkatazi, japo ni bia imekosa kuuzwa. Hapo naenda Mei, Novemba na hata Ramadhani mkiwa mmejificha nyuma ya pazia.

JIRANI WA UKUTA (Chuno)
Asalaam aleikum. Mimi sinywi, lakini mjadala unanihusu maana ukuta wa grosari ndio ukuta wangu. Hamjaniuliza hata siku moja grosari nzuri ni ipi.

Sina ugomvi na mtu kunywa kwake. Hii Mtwara ina Waislamu na Wakristo, tumeishi hivyo tangu wazee wetu. Ugomvi wangu ni spika kuelekezwa kwangu kwa sababu upande wa pili kuna nyumba ya mwenye grosari mwenyewe! Besi ikipigwa vikombe vinatembea kabatini. Watoto wana mitihani. Kanuni za kelele na mitetemo zipo tangu 2015, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, wamekuwa wakifungia baa Dar kwa hilo hilo, ila huku kwetu ukilalamika unaambiwa unamwonea mtu riziki.

Mwenye grosari aliyekuwepo kabla ya huyu alikuwa mstaarabu. Mwezi mtukufu mchana alikuwa anafunga, usiku wakati wa tarawehe anazima muziki bila kuombwa. Msiba ukitokea mtaani, redio haisikiki mpaka tuzike. Hakuandikiwa barua na serikali ya mtaa. Huyo kwangu alikuwa mzuri, na sikuwahi kununua kwake hata maji.

MPENDA URAKA (Newala)
Nyie wa mjini mnajadili bia kana kwamba Mtwara nzima inakunywa bia. Kuanzia Septemba mabibo, matunda ya mkorosho, yanaanguka, huku tunakamua uraka, pombe yake. Hauna frija, hauna kodi ya bango. Mnakaa kwenye gogo, jagi linazunguka, mwalimu yupo, dereva wa bodaboda yupo, mwenye ekari hamsini yupo, na muziki ni midomo yetu. Ukisema grosari ni watu wake, basi kilabu cha uraka kiliwatangulia. Gongo siitetei, hiyo sheria inajulikana.

Lakini nimekuja kwa jambo jingine. Mmepita juu juu kwenye deni. Huku vijijini kuna grosari zinasifiwa kwa "utu" kwa sababu zinakopesha. Julai huna kitu, unapewa. Unaandikwa kwenye daftari. Ukifungua daftari hakuna shilingi, kuna kilo. Nimeona kwa macho: bia mbili za Julai zimeandikwa kilo tatu za korosho. Oktoba mwenye grosari anapita na pikipiki na magunia, anakusanya kabla mzigo haujafika ghalani. Piga hesabu kwa bei ya mnada halafu niambie hizo bia mbili umezinunua kwa shilingi ngapi. Hiyo ni kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa magendo nje ya mnada, tofauti ni kwamba inakuja na barafu. Kangomba wa kawaida anafukuzwa na askari, huyu anaitwa mjomba.

Kwa hiyo Mkaa Kaunta, grosari iliyojaa Mei isikudanganye. Uliza kwanza wanakunywa kwa hela gani.

MKAA KAUNTA
Mpenda Uraka, hapo umenipa kitu cha kuongeza, na nakiweka juu ya vyote. Kukopesha ni sehemu ya grosari ya mtaani, mtu akiuguliwa au mshahara ukichelewa huwezi kumfukuza kama mpita njia. Ila bia iliyouzwa kwa shilingi iandikwe shilingi, ilipwe shilingi, kwa bei ya siku ile aliyokunywa. Anayeandika kilo hana wateja, ana vibarua wasiojijua.

Dada wa Ligula, kitasa ni haki. Jirani, spika igeuzwe au iondoke. Mtoto wa Magomeni akitaka singeli aende ukumbini alipe kiingilio, grosari iko katikati ya nyumba za watu.

Mwenye Frija, wewe ndiye bado hujanijibu. Sikatai Novemba ikubebe. Nauliza, mimi niliyekaa kwako wakati barabara imekatika, kwa nini Oktoba unipandishie bei kwa ajili ya hela ya mtu wa Tandahimba?

MWENYE FRIJA
Kwa sababu bei mbili kwenye kaunta moja haziwezekani. Huyo wa Tandahimba akigundua jirani yake analipa pungufu, chupa zitaruka na wewe utakuwa wa kwanza kukimbia. Duka la jumla nalo likipandisha, mimi nifanye nini?

MTOTO WA MAGOMENI
Kwani jumla walipandisha Oktoba ile, bosi?

MWENYE FRIJA
Wengine walipandisha.

Spika nitaigeuzia barabarani, hilo Jirani ameshinda, na fundi wa kitasa simu yake ninayo. Daftari langu ni la shilingi tangu nafungua, anayebisha aje alisome. Lakini Oktoba bei yangu sishushi. Mkaa Kaunta akiona nimemwonea, atafute pengine penye vizibo mezani, na atanisalimia akipita.

DADA WA LIGULA
Fundi aje kabla ya mechi ya Simba na Yanga, maana siku hiyo hata hiyo kamba haitoshi.