Naombeni ushauri: amana ya safari ijayo tuliyolipa melini haijaingizwa kwenye buking mpya, nifanyeje?

MamaTausi

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo. Naombeni msaada kwa mliowahi kupanda hizi meli za kitalii za huku Marekani, maana leo ni siku ya tatu jambo hili linanikosesha usingizi.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja mimi na mume wangu tulisafiri usiku saba kutokea Galveston. Tunaishi Houston, kwa hiyo kufika bandarini ni mwendo wa saa moja na kitu tu. Usiku wa mwisho tukapita kwenye lile dawati la kuuzia safari zijazo, deki ya tano. Dada wa pale akatueleza kwamba kila mmoja akilipa dola 100 palepale, bila kuchagua meli wala tarehe, ile hela inakaa kama kianzio cha safari nyingine ndani ya miaka miwili, na tukibuku tunaongezewa hela ya kutumia melini. Tukalipa 200. Tukapewa karatasi mbili, kila moja ina jina la mwenyewe na namba yake.

Sasa mama yangu mzazi anakuja kutoka Moshi mwezi wa pili. Ana miaka 71, hajawahi hata kupanda boti ya Zanzibar, na nimetamani aione bahari akiwa amekaa kwa starehe. Nimemchukulia usiku tano, tunagusa Cozumel na Progreso kule Mexico. Tuko wanne: mimi, mama, mume wangu na kijana wetu wa miaka 14. Wakala wetu, mama mmoja mwenye ofisi ndogo ya tiketi, akatuchukulia vyumba viwili vinavyotazamana. Mimi na mama kimoja, baba na mwanawe kingine. Nilimwambia mapema kabisa kwamba tuna amana. Akasema sawa.

Jumanne kadi imekatwa dola 800, yaani kianzio cha 200 kwa kila mtu. Nilitegemea 600. Nimefungua ankara, hakuna mstari wowote unaotaja amana. Nimeingia kwenye akaunti yangu ya kampuni ya meli, zile mbili bado zipo pale, zimeandikwa hazijatumika. Nimempigia wakala, ananiambia hela haijapotea, nitaitumia safari nyingine.

Jamani, safari nyingine na mama ni lini? Nauliza: zinaweza kuingizwa sasa wakati buking imeshafanyika? Ni lazima mimi na mume wangu tuwe chumba kimoja ndipo zikubali? Na ya mume wangu naweza kumpa mama?

Kijana wa Columbus

Pole dada. Mimi ningefuta buking yote leo hii, nabuku upya na amana ndani. Siku chache tu zimepita, watakurudishia 800 yako, mambo yanaisha.

Baharia wa Likoni

Dada MamaTausi, pole sana. Nimefanya kazi kwa hizi meli miaka sita, minne kati ya hiyo nikiwa dawati la wageni, na kesi kama yako nimeiona mara nyingi mno. Nakuomba usifute chochote kabla hujasoma ankara yako polepole.

Ndugu yangu wa Columbus ana nia njema, lakini siku hizi kampuni nyingi zinauza nauli za aina mbili. Kuna ile ambayo kianzio kinarudishwa ukighairi kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, na kuna ya bei nafuu ambayo kianzio hakirudi hata ukighairi kesho yake. Maajenti hupenda kuchukua ile ya bei nafuu kwa sababu inavutia mteja. Kama yako ni hiyo, ukifuta leo umeacha 800 mezani kwa ajili ya kuokoa 200. Angalia sehemu ya masharti, chini ya jina la nauli.

Sasa maswali yako. Amana inaweza kuingizwa baada ya kubuku, ila kila kampuni ina kipindi chake. Nyingine zinakubali mpaka siku ya malipo ya mwisho, nyingine zinataka iwe ndani ya siku chache za mwanzo, na kuna zinazoipokea hela ya amana lakini zinakunyima ile zawadi ya kutumia melini kwa sababu hukuitaja siku ya kubuku. Kwa hivyo usingoje wiki ijayo.

Mama kuitumia ya mzee wako, hapana. Ile hela imefungwa kwa jina la aliyelipa na lazima yeye mwenyewe awe anasafiri. Bahati yako ni kwamba mzee wako yuko kwa hii safari, kwa hivyo ya kwake itaingia upande wake.

Kuhusu vyumba, usihame kwanza. Soma karatasi yako uone hela ya kutumia melini inatolewa kwa mtu au kwa chumba. Hapo ndipo watu hupoteza bila kujua. Niambie imeandikwa nini.

Na kitu kimoja nataka kukuuliza: ajenti alipobuku, aliweka namba zenu za uanachama wa kampuni ya meli? Amana hukaa chini ya hiyo namba. Akiandika majina tu na tarehe za kuzaliwa, mfumo unawafungulia nyinyi wasifu mpya kabisa kama wageni wa mara ya kwanza, na kwa wasifu mpya hakuna amana. Hiyo ndiyo sababu ninayoiona mara kumi kwa moja.

Mzee wa Minnesota

Binti yangu, mimi nilichoma vidole kwenye jambo linalofanana na hili. Angalia kwanza usichanganye vitu viwili, maana hata watoa huduma wa simu huvichanganya.

Hiyo yenu ni amana. Mmeitoa mfukoni kwa hiari yenu, na kampuni nyingi hukurudishia ukiomba au muda wake ukiisha. Nyingine ni vocha ya fidia, ile unayopewa safari ikifutwa. Mwezi wa tatu 2020 meli zote ziliposimama kwa sababu ya korona, kampuni nyingi zilituambia tuchague: kurudishiwa hela tulizolipa, au vocha ya asilimia 125. Mimi na marehemu mke wangu tukachukua vocha. Meli zilianza tena kuondoka Florida mwezi wa sita 2021, lakini mke wangu alikuwa ameanza kuumwa, hatukuweza kusafiri. Sehemu iliyokuwa nauli yetu halisi niliipata baada ya barua nyingi. Ile nyongeza ilikwenda.

Vocha kwa kawaida hukata nauli, haikati kodi na ada za bandari, na kampuni nyingine haziikubali kama kianzio. Kwa hiyo ukipiga simu usiseme "tuna vocha". Sema una amana iliyonunuliwa melini, taja namba yake.

Kwa faida ya wengine: tangu 2022 tume ya shirikisho inayosimamia usafiri wa baharini huku Marekani imeweka kanuni kwamba safari ikifutwa na kampuni, au kuondoka kukichelewa siku tatu au zaidi na abiria akaamua kutosafiri, ana haki ya kurudishiwa hela. Hulazimiki kupokea vocha.

MamaTausi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Baba, pole sana kwa kuondokewa na mama.

Kaka Baharia, nimetoa karatasi. Nanukuu kama ilivyo kwa Kiswahili changu: hela ya matumizi ni dola 50 kwa chumba kwa safari ya usiku tano au chini ya hapo, na amana moja tu ndiyo itatoa hela hiyo katika chumba kimoja. Ankara nayo nimeisoma na miwani. Imeandikwa kianzio hakirudishwi. Nimekaa chini. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kumwambia wakala afute.

Namba ya uanachama: kwenye ankara, sehemu ya namba imeachwa wazi kwa wote wanne. Kwangu na kwa mume wangu hakuna kitu.

Baharia wa Likoni

Basi dada, shida yako tumeipata, na ni ndogo kuliko ulivyodhani.

Vyumba viache hivyo hivyo. Kwa masharti hayo, wewe na mzee mkihamia chumba kimoja amana zote mbili zingehesabiwa kama kianzio, lakini hela ya kutumia ingekuwa 50 peke yake. Mkiwa wewe chumba kimoja na yeye kingine, kila chumba kina amana yake, kila kimoja kinapata 50. Ajenti wako amewapanga vizuri bila kujua.

Atakayepiga simu ni ajenti. Buking ikishakuwa mikononi mwa ajenti, kampuni ya meli haitaigusa ukipiga wewe, watakuambia urudi kwake. Mwombe apige mkiwa wote watatu kwenye laini: wewe, yeye na mtu wa kampuni ya meli. Aombe mambo kwa mpangilio huu: kwanza waunganishe kila buking na namba ya uanachama ya mwenyewe, wewe kwa ya kwako na mzee kwa ya kwake. Hilo likikaa, ndipo aombe amana itumike kama sehemu ya kianzio na zile 200 zirudi kwenye kadi. Wasiporudisha kwenye kadi, zipunguzwe kwenye malipo ya mwisho, pia ni sawa. Kisha aombe hela ya matumizi ionekane kwenye ankara mpya. Ajenti asikate simu kabla ankara haijatumwa kwa barua pepe na wewe kuiona kwa macho yako. Ahadi ya mdomo kwa simu, nimekuwa upande wa pili wa ile simu, haiandikwi popote.

Angalia pia majina. Kama mzee aliandikwa majina matatu siku ile na sasa ana mawili, waambie warekebishe yafanane na pasipoti.

Kijana wa Columbus

Dada samahani, nilikushauri haraka bila kujua habari ya kianzio kisichorudi. Nashukuru Baharia amewahi.

Binti Pare

MamaTausi, hujauliza hili lakini kwa kuwa mama anatokea nyumbani naliweka. Mfungulie viza yake ya Marekani uangalie sehemu iliyoandikwa idadi ya kuingia. Ikiwa na herufi M, anaruhusiwa kuingia zaidi ya mara moja. Ikiwa ni 1, ajue kwamba meli ikitoka Galveston kwenda Mexico ameshatoka nchini, na anaporudi anaomba kuingia upya. Hapo usimpandishe kabla ya kupata ushauri wa mtu wa uhamiaji.

Kwa Mexico yenyewe, mwenye viza halali ya Marekani haombi viza nyingine. Mumeo na wewe kama mna kadi ya kijani, vivyo hivyo, ila mbebe na pasipoti.

Usije ukafikiri utapata meli kama hiyo isiyotoka nje ili kukwepa hili. Kuna sheria ya 1886 inayozuia meli zenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani zenyewe, na karibu meli zote hizi kubwa zina bendera ya nje. Ndiyo maana lazima ziguse nchi nyingine.

Jambo la mwisho, gati la Progreso ni refu mno, limeingia baharini zaidi ya kilomita 6. Kuna mabasi ya bure ya kuwapeleka abiria mjini, lakini kama mama anasumbuliwa na magoti, shukeni baada ya ile foleni ya asubuhi kupungua.

MamaTausi

Mrejesho, wapendwa.

Leo saa nne asubuhi wakala alipiga, nikawa kwenye laini. Tulisubiri dakika arobaini na tano, muziki uleule. Kijana aliyepokea alisema mwanzoni kwamba haoni amana yoyote. Wakala akamsomea namba yangu ya uanachama, akanyamaza kidogo, akasema, "Naiona." Ya mume wangu ilichukua muda zaidi kwa sababu jina lake la kati halikuwepo kwenye buking mpya, wakalirekebisha kwanza.

Ankara mpya mbili zimekuja tukiwa bado tunaongea. Kila moja ina mstari wa dola 100, amana imetumika, na mwingine wa dola 50 za kutumia melini. Zile 200 watazirudisha kwenye kadi ndani ya siku saba hadi kumi. Wakala ameniomba radhi, na nimeipokea. Hakuwa amewahi kukutana na amana hizi, na amesema ataanza kuwauliza wateja wote namba zao kabla ya kubuku.

Viza ya mama: amenipigia picha kwa simu ya jirani, picha ya kwanza ilikuwa kidole chake, ya pili ikaonekana vizuri. M.

Malipo ya mwisho ni siku 90 kabla ya kuondoka, nimeshaibandika tarehe kwenye mlango wa friji. Mama anauliza kama melini asubuhi anaweza kupata uji. Kaka Baharia, nimjibuje?

Baharia wa Likoni

Mwambie upo wa shayiri, kila asubuhi, kwenye ukumbi wa kujihudumia, unatoka moto. Wa ulezi abebe unga wake kidogo, ufungwe na haujafunguliwa, na awaombe jikoni maji ya moto. Akimpata Mkenya au Mtanzania kazini, amwombe msaada.