Kikundi cha Ukoo wa Bibi Tatu: Ferguson alipoondoka

Salum: Shikamoo Mjomba. Unasemaga Man U (Manchester United) ni timu kubwa. Mimi nimezaliwa 2013, sijawahi kuiona ikibeba ligi.

Mjomba Athumani: Marahaba mwanangu. Umezaliwa mwaka uleule aliostaafu kocha wetu Ferguson. Miaka 26 kazini, ligi 13. Na aliondoka bingwa, pointi 11 mbele ya Manchester City.

Salum: Sasa kama walikuwa mabingwa, ikawaje?

Mjomba Athumani: Wengi wanamlaumu Moyes, kocha aliyemrithi, peke yake. Mimi nakataa. Msimu uleule ulipoisha, David Gill naye akaachia utendaji mkuu, na ndiye aliyezoea kukamilisha usajili. Mchezaji mkongwe Scholes kastaafu. Moyes akaja na wasaidizi wake kutoka Everton, wale wa Ferguson, akina Phelan na Meulensteen, wakaondoka. Nyumba imeondokewa na baba, mama na walezi kwa mpigo. Nani atamwonyesha mgeni chumvi inakaa wapi?

Dada Rehema: Na dirisha zima la usajili mchezaji mwenye jina kubwa aliyeletewa Moyes ni Fellaini, tena siku ya mwisho 😔

Mjomba Athumani: Mkataba wa miaka 6, msimu mmoja hakuumaliza. Aprili 2014 kafungwa 2-0 na Everton, siku mbili baadaye katimuliwa. Timu ikamaliza ya saba. Niliumia sana.

Mjomba Hamisi: Kaka, mngevumilia. Sisi Arsenal kocha wetu Wenger alikaa miaka 22. Aliyemfuata, Emery, alidumu mwaka na nusu tu. Kisha akaja Arteta, akamaliza wa nane misimu miwili mfululizo, watu mitaani wanataka aondoke, uongozi haukumgusa. Timu ikarudi juu.

Mjomba Athumani: Hamisi, kocha Solskjaer tulimpa karibu miaka mitatu. Muda peke yake hautoshi. Na kabla yake, kocha Van Gaal anataka kumiliki mpira, Mourinho anakuja na soka tofauti kabisa, kila mmoja anasajili watu wake. Anayefuata anarithi wachezaji ambao yeye asingewachagua.

Mama Mdogo Zuhura: Nisikilizeni na mimi wa Liverpool. Kocha wetu Shankly alijiuzulu 1974, hakuna aliyetegemea. Wakampa Paisley, msaidizi wake, mtu aliyekuwa pale tangu 1939, na kazi yenyewe hakuitaka. Misimu 9: ligi 6, Kombe la Ulaya mara 3! Makocha walikuwa na kachumba ka viatu Anfield, wanakaa humo kuijadili mechi. Mkubwa akiondoka, maarifa yamebaki chumbani.

Salum: Lakini Mama Mdogo, Slot, kocha aliyemrithi Klopp, si alitoka nje ya klabu?

Mama Mdogo Zuhura: Ndiyo, Feyenoord. Ila Klopp aliaga Januari 2024, msimu unaendelea. Viongozi wakapata miezi ya kutafuta. Slot hakuvunja kikosi, kiangazi kile kikosini akaongezeka Chiesa tu, akabeba ligi msimu wa kwanza.

Mjomba Athumani: Hapo umenigusa, dada yangu. Ferguson alitangaza tarehe 8 Mei, kesho yake Moyes akathibitishwa. Na United walishayapitia haya. Kocha Busby aliachia 1969, ilipofika 1974 timu ikashuka daraja. Walipaswa kujua.

Salum: Kwa hiyo nisubiri, Mjomba?

Mjomba Athumani: Jumamosi njoo nyumbani mapema. Kabla ya mechi nitakuwekea zile dakika za nyongeza za fainali ya Ulaya dhidi ya Bayern, mjini Barcelona 1999, uone ninachokililia.