Maumivu yameisha ila daktari kanikataza boda, nivumilieje?

Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva boda, kijiwe kipo Tabata. Niligongwa na gari, muundi wa kushoto ukavunjika, nikafungwa hogo. Huu mwezi wa tatu tangu nigongwe. Hogo limeshatolewa, siumwi tena, ila daktari kaangalia ekisirei kasema mfupa haujakomaa, niendelee na magongo. Pikipiki ni ya mkataba na tajiri anataka hesabu. Nashinda barazani naona wenzangu wanapakia abiria, hasira zinaishia kwa mke wangu. Kuna mzee anasema akinikanda utaunga haraka. Nishaurini.

Mama Wawili: Pole sana mdogo wangu. Kukandwa usithubutu! Mfupa haujashika halafu mtu auvutevute? Na huyo mkeo mwambie kinachokuumiza, asidhani amekukosea.

Fundi Viungo: Mkuu, kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Maumivu huisha mapema, mfupa bado. Pale palipovunjika huanza kuungana kwa kitu laini kama gegedu, ndipo madini yanajaa na kukaza. Muundi wa mtu mzima mara nyingi huchukua miezi 4 hadi 6, wengine zaidi. Sasa fikiria foleni ya Buguruni: mguu wa kushoto ndio wa gia, na ukisimama ndio unaotua chini na kubeba pikipiki na abiria wake.

Angalia paja lako, lazima limesinyaa. Kaa kitandani, nyoosha mguu, kandamiza goti kwenye godoro, hesabu mpaka tano, achia. Rudia asubuhi na jioni. Ukiwa na kitu cha kufanya, siku haiwi ndefu hivyo. Kama unavuta sigara acha, zinachelewesha mfupa. Mguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida, upandishe juu ya mto. Ila kigimbi kikivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikabana, hospitali saa hiyohiyo.

Kijana wa Segerea: Tafuta deiwaka, yaani dereva wa kukushikia pikipiki, unayemwamini, akuletee hesabu ya tajiri, kinachobaki mgawane. Shemeji yangu aliishi hivyo mpaka akapona. Mpigie tajiri wewe kwanza, usisubiri akutafute. Mpe na karatasi ya daktari aione.

Mleta mada: Asanteni sana. Mzee nimemkatalia. Tajiri nimempigia, kakubali deiwaka mpaka kliniki ijayo. Fundi Viungo, hilo zoezi la goti nifanye na mguu mzima pia?

Fundi Viungo: Yote miwili. Huo mzima ndio unakubeba sasa hivi.