Naomba ushauri: niendelee kuandika riwaya kama hakuna anayenunua?

Wakuu, habari zenu. Wasomaji wanarushiana pidiefu ya riwaya yangu bure. Mmoja kanitumia hata mimi mwenyewe, eti "isome hii, ni kali!" Nilicheka, ila mfukoni hamna kitu.

Najua mwandishi Franz Kafka alikuwa mwajiriwa wa bima, akiandika usiku, na mshairi Emily Dickinson aliacha mashairi karibu 1,800, mengi hayakuchapishwa akiwa hai. Sawa, lakini mhariri halipwi kwa sifa. Mashairi labda yangeendelea kuandikwa hata bila malipo. Riwaya inayodai utafiti wa miaka, sidhani.

Nyie mnaoandika, malipo yakikatika kabisa mngeendelea? Na mimi nitoe sura za mwanzo bure kisha niwaombe wasomaji wachangie zinazofuata, au nitafute ajira kwanza?